Steringi kafa, muvi inaendelea: kisa cha Nabwana wa Wakaliga

Kisa ninachotaka kukichambua ni cha Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, yule bwana anayejiita Nabwana I.G.G., na nimekichagua kwa sababu kila wiki nakutana na vijana wanaotaka kuandika skripti wananiambia hawana pa kuanzia, hawana kamera, hawana mtu wa kuwashika mkono, hata wazo lenyewe haliji, na hayo maneno mi mwenyewe nimeyasema miaka kama mitatu. Wengi wanamjua Nabwana kwa klipu tu, ile ya helikopta ya kompyuta inayodondosha mabomu juu ya Kampala, wanacheka wanapita. Mi naomba tukae nae kidogo, maana ndani ya kisa chake kuna jambo kuhusu kuandika ambalo sisi watu wa huku tunapaswa kulielewa haraka kuliko mtu yeyote.

Nabwana kazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kakulia Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato kidogo pembeni ya Kampala, kipindi ambacho Uganda inatoka kwenye utawala wa Idi Amin inaingia kwenye vita nyingine. Utotoni alikuwa haendi kwenye vibanda vya video. Waliokuwa wanaenda ni kaka zake, wakirudi nyumbani wanakaa chini wanamsimulia, Chuck Norris kafanya hivi, maadui wakaja wangapi, akawaambia nini, akaruka vipi, na dogo anasikiliza huku muvi nzima inapita kichwani kwake. Kwenye mahojiano amelieleza hilo waziwazi, kwamba muvi alizijua kwa kusimuliwa kabla hajazijua kwa macho.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe kwa maoni yangu, na ndipo watu wengi wanaporuka ili wafike kwenye helikopta.

Mi nimekulia Mwanza, Kirumba, na nadhani yeyote aliyekulia uswahilini enzi za mikanda anajua ninachosema. Kibanda umiza kilikuwa na mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa na mablanketi mwanga usiingie, deki moja, tivii moja, jenereta ya akiba, na mwenye kibanda kakaa mlangoni anakusanya kiingilio. Kwenye kundi la watoto sita wenye hela ni wawili. Wanne mnabaki nje mmeegemea mabati mnasikia milio ya bunduki na watu wanavyoshangilia, na muvi ikiisha wale wawili wanatoka na deni, lazima wasimulie. Na hapo ndo unajua kwamba kusimulia ni kipaji na ni kazi, kwa sababu kulikuwa na mmoja kila siku anasema "wakapigana, wakapigana wee, basi ikaisha", huyo tulimwacha aende zake kwao, na kulikuwa na mwingine ambaye muvi ya saa moja na nusu alikuwa anaisimulia kwa saa mbili na hakuna anayeondoka, mama yake anaita mpaka anachoka.

Ukimwangalia yule wa pili alikuwa anafanya nini utaona ni kazi ileile ya mwandishi wa skripti. Sehemu zisizo na kitu aliziruka bila huruma. Alihakikisha kwanza umemjua nani anamtafuta nani na kamkosea nini, ndo ngumi zianze. Jambo kubwa alilificha mpaka pale ambapo ukilisikia unashika kichwa. Na alikuwa anatuangalia usoni, akiona tumepoa anaongeza kasi, akiona tumebanwa anapunguza makusudi, anakohoa, anaomba maji, sisi tunapiga kelele "ikawaje, ikawaje!" Hilo swali la ikawaje ndo skripti yenyewe. Namna ya kupanga karatasi, jina la mhusika likae katikati, sini iandikwe ndani au nje, mchana au usiku, hayo unajifunza kwa wiki moja tu ukiwa na nia.

Kuna kingine, na hiki ni mawazo yangu mwenyewe, sijamsikia Nabwana akikisema hivi. Mtoto anayesimuliwa muvi ambayo hajaiona anaijenga kwa vitu anavyovijua. Ukimwambia wakaingia kwenye jumba la tajiri muuaji, jumba analoliona ni la yule mzee mwenye geti jekundu mtaani kwao. Ukimwambia msituni, ni ule mgomba nyuma ya nyumba. Ukimwambia jeshi, ni wale askari aliowaona juzi kwenye lori. Kwa hiyo muvi zote za Hollywood alizosimuliwa Nabwana zilikuwa zimeshatokea Wakaliga miaka mingi kabla hajashika kamera. Ndo maana alipoanza kushuti hakuona aibu ya lokesheni, hakuwa na haja ya kwenda kuomba ghorofa la mtu mjini, makomando wanapita kwenye njia za matope katikati ya nyumba za watu na kwake ilikuwa sawa kabisa, maana siku zote walikuwa wanapita hapohapo.

Nalinganisha na nilipoanzia mimi. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na mpelelezi anaishi peke yake ghorofani, usiku anakunywa kahawa anaangalia mvua dirishani, anaongea na picha ya marehemu mkewe. Sijawahi kumjua mtu anayeishi hivyo. Nilimtoa kwenye muvi nilizoangalia, yaani nilikuwa nanakili macho ya mtu mwingine. Niliipeleka kwa kampuni moja ya kutengeneza muvi Dar, ikakaa kwao miezi minane ikarudi bila neno hata moja, na iliniuma sana, nikakaa muda mrefu nawalaumu wao. Leo nikiisoma naona hakuna ukurasa hata mmoja ambao mtu angeniuliza ikawaje.

Turudi Kampala. Nabwana alikuwa anafyatua matofali, na hela ya matofali ndo iliyolisha familia na ndo iliyomwanzisha. Mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions, jina kalichanganya kutoka kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Alianza kozi ya kompyuta ya miezi sita, hela ikatosha ada ya mwezi mmoja, yaliyobaki akajifundisha mwenyewe, kuunganisha kompyuta kwa vipuri vilivyotumika, kuediti, kuweka moto na damu na helikopta za kompyuta, kwenye chumba chenye vumbi na joto na umeme wa kukatika. Mkewe Harriet akawa upande wa kuendesha mambo, na hili watu wanalipita haraka wakati kazi ya namna hii haidumu kama nyumbani hakuna anayeishikilia.

Sasa angalia anavyopata cha kuandika. Mtaani kuna fundi anaitwa Dauda Bisaso, anachomelea vyuma chakavu anatoa bunduki za bandia, anatoa mpaka mkono wa kunyanyulia kamera. Kuna jamaa anafundisha kung fu, wanamwita Bruce U. Kuna watoto wanaojifunza kuruka na kupiga mateke jioni baada ya shule, hao baadae ndo wakawa kundi la Waka Starz. Basi muvi zitakuwa na bunduki kubwa, zitakuwa na kung fu, zitakuwa na watoto wanaowapiga watu wazima. Damu walianza kutumia ya ng'ombe, mtu akaugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Wazo halikai mbali linasubiriwa lishuke, linaokotwa kwenye orodha ya watu wanaokuja ukiwaita. Tukiandika sisi tunaandika kwanza halafu tunaanza kulia kwamba hatuna gari la polisi. Yeye anaanza na alichonacho uani, kisha anajiuliza hiki kitanipa muvi gani.

Wanasema muvi iliyomtoa, Who Killed Captain Alex?, iligharimu chini ya dola 200. Sipendi sana hiyo namba inavyorudiwarudiwa, kwa sababu inaficha mamia ya saa za watu waliojitolea bila mshahara, na mtu akiisikia anadhani muvi ni bei rahisi. Muvi ni ghali siku zote, tofauti ni nani analipa na analipa kwa nini, hela au jasho.

Lakini hebu tuiangalie kama skripti maana ndo sababu nimekaa hapa. Kwenye kibanda umiza kulikuwa na sheria moja kila mtoto anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, hafi. Ukibishana na mwenzako nje ya kibanda kama yule jamaa atatoka salama, mwenye hoja ya mwisho anasema "we vipi, si steringi?" na ubishi unaisha. Nabwana anaanza na jina la muvi ambalo linavunja hiyo sheria kabla hujakaa kwenye benchi. Kapteni Alex ndo kiongozi wa makomando, ndo anayetumwa kulishughulikia genge la Tiger Mafia, kila dalili inakuambia huyu ndo steringi, na anauawa muvi bado inaendelea. Halafu anakuja ndugu yake, mtu wa kung fu, kutafuta muuaji. Na mpaka inaisha jibu la lile swali hupewi.

Kuna watu wanasema hilo ni kosa, jamaa kasahau hadithi yake. Inawezekana hakupanga kwa kalamu na karatasi kama wanavyopanga darasani. Ila mtu aliyelelewa na masimulizi anajua kitu gani kinawabakisha watu, na swali lisilojibiwa limefanya watu waendelee kuizungumzia muvi hiyo mpaka leo. Mi naamini alijua anawashika wapi watazamaji wake.

Na kuna VJ, yule mtafsiri wa muvi. Hapa Mswahili hahitaji maelezo marefu. Sisi Tanzania tulikuwa na Lufufu, tukawa na DJ Mack, Wakenya wana DJ Afro, na Waganda wana ma-VJ wao, na vibanda vyao wanaviita bibanda, neno ni lilelile. Mtu anakaa na maikrofoni juu ya muvi ya watu wengine, anatafsiri, anawapa wahusika majina ya mtaani, anakuonya kwamba huyo mlinzi atakufa sasa hivi, anamsifia steringi, anawatukana maadui. Alichofanya Nabwana ni kumchukua huyo mtu akamweka ndani ya muvi yake mwenyewe. Kwenye Captain Alex sauti ya VJ Emmie iko juu ya kila kitu mwanzo mwisho, anatania, anashangilia, anasukuma muvi mbele. Toleo la awali lisilo na sauti yake halipo tena, kwa sababu nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo, kazi iliyokwisha inafutwa kupisha inayofuata, ikabaki hii yenye VJ. Mzungu akiiangalia anaona kitu kipya kabisa ambacho hajawahi kukiona duniani. Mi nikiiangalia nasikia Kirumba.

Kwa mwandishi hili ni kubwa. VJ anakuonyesha kwamba muvi ina msimulizi hata kama haonekani, na kwamba mtazamaji wa kwetu amezoea kuongeleshwa. Nimejaribu kitu kidogo, naandika sini halafu naisoma kwa sauti kama Lufufu, natafsiri nilichoandika mwenyewe. Nikikosa cha kusema najua hiyo sini ni tupu.

Trela ya Captain Alex iliwekwa YouTube mwaka 2010 na ikasambaa dunia nzima. Hapa ndo watu wa kontenti wanapenda kuanzia, wanasema unaona, weka kitu mtandaoni utatoka. Ila angalia mpangilio wa mambo. Kabla ya trela kulikuwa na miaka mitano ya kampuni, na soko lake lilikuwa mtaani. DVD zinachomwa, waigizaji wenyewe wanazunguka nyumba kwa nyumba wanauza na kugawana kinachopatikana, na wanakimbizana na muda maana baada ya kama wiki moja wezi wa kazi wanakuwa wameshatoa kopi zao. Yaani yule anayecheza jambazi Jumapili ndo anagonga mlango wako Jumatatu akiwa na DVD mkononi, na ukimwambia ile ya mwezi uliopita haikuwa nzuri atamfikishia Nabwana jioni hiyohiyo. Ni nani kati yetu anapata majibu ya haraka na ya kweli namna hiyo? Sisi tunaangalia namba za watazamaji kwenye simu, namba haikuambii walichoka sini ya ngapi. Mtandao ulipomkuta Nabwana ulimkuta tayari ana kazi, ana kundi, ana namna yake ya kusimulia ambayo haifanani na ya mtu mwingine.

Mwishoni mwa 2011 Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York aliyekuwa kwenye mambo ya matamasha ya filamu, akaonyeshwa trela hiyo na rafiki yake, na baada ya kama wiki mbili alikuwa Kampala anamtafuta mtu ambaye hana hata anwani yake. Alimpata kwa kupitia kijana aliyemkuta sokoni anauza DVD za Ramon. Baadae akahamia Wakaliga kabisa, akawa anaigiza, anapigwa, anakufa kwenye muvi, na kusukuma kazi nje. Mwaka 2015 waliomba mchango kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela, wakaweka lengo dola 160 tu, zikaja zaidi ya 13,000. Mwaka huohuo Captain Alex nzima ikawekwa YouTube bure, ikaangaliwa na mamilioni. Mwaka 2019 Crazy World ikaonyeshwa tamasha la Toronto kwenye kipengele chao cha usiku wa manane, na mwaka 2021 ikatoka filamu ya makala, Once Upon a Time in Uganda, inayowahusu.

Hiyo makala ina sehemu moja iliyonikaa kuliko zote, pale Nabwana na Hofmanis wanapokosana. Nabwana anachukua kazi ya televisheni ya nyumbani na mwenzake anaona njia imepinda, yeye macho yake yako kwenye dunia. Baadae wakapatana. Mi simlaumu yeyote, wote wawili wametoa maisha yao kwa kitu kimoja. Ila najua ningechagua nini, maana mtu aliyeanza kwa kuuza mlango kwa mlango anajua kwamba watu wa Toronto watapiga makofi usiku mmoja na jirani yako utamwona kesho asubuhi. Na hela tusidanganyane, sifa zilifika mbali sana kuliko hela ilivyorudi. Mamilioni ya kuangaliwa hayajawageuza Wakaliga kuwa Hollywood. Anayeingia huku akidhani trela moja itamlipia nyumba, kisa hiki hakimsaidii.

Jambo la mwisho ambalo nalisikia kila nikimtaja huyu bwana ni kwamba muvi zake ni mbovu, watu wanaziangalia kwa kuzicheka, sasa unajifunza nini kwa mtu anayechekwa. Hili linanikera kwa kweli. Watu wanacheka kwa sababu amewatengenezea wacheke, VJ yuko pale kwa kazi hiyo, na ukiangalia utaona hakuna sini inayokuacha umekaa bila kujua unatakiwa kuhisi nini. Moto ni wa kompyuta ya zamani, ndio. Lakini nimeangalia muvi nyingi za kwetu zilizoshutiwa kwa kamera ya mamilioni, mtu anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, anakaa, anasalimiana na kila mtu, dakika nne zimeisha na hakuna aliyeuliza ikawaje. Nabwana kwa dakika nne kashaua steringi.

Sasa mi nilichobadilisha baada ya kukaa na hiki kisa ni kidogo sana. Nimeacha kuandika kwanza. Nasimulia. Nina hadithi ya mama mmoja muuza dagaa Kirumba ambaye mtumbwi wa mumewe umerudi na watu watatu badala ya wanne, na kila mmoja kati ya hao watatu anaeleza tofauti. Nimeisimulia kwa dereva bodaboda tukiwa tunasubiri mvua ikate, nikaisimulia kwa dada anayenisuka, na kila mara naona wanapopoa nakata na wanapoinamia mbele naongeza. Lokesheni zote naweza kuzifikia kwa mguu, mwalo, soko, kituo cha daladala, nyumba mbili. Jumamosi nilimsimulia mzee mmoja fundi cherehani jirani yangu, mtu asiyependa maneno mengi, alikuwa anashona suruali hata hanyanyui macho. Nikafika pale mama anapowaita wale watatu kwake usiku mmoja, nikaendelea mpaka mwisho kama nilivyoizoea. Mzee akasimamisha mguu kwenye cherehani akaniuliza, "Na yule mdogo wao, aliyekuwa amekaa mlangoni hali chakula, yeye alisema nini?"

Sikuwa na jibu, huyo mdogo nilimweka mlangoni kujaza chumba tu. Nimekaa nae siku tatu sasa namsikiliza, na sini yake ndo naiandika leo.